Siku bila "ili": kuendesha kikao cha uteuzi wa asili, uhai nje ya Dunia na swali la kusudi hapa Mombasa

Kiswahili kina mtego mmoja kwa yeyote anayefundisha jinsi viumbe walivyobadilika. Ukiuliza, "Kwa nini mkoko una mizizi ya juu?", umeuliza maswali mawili kwa pumzi moja: kwa sababu gani, na kwa ajili gani. La kwanza latazama nyuma, kwenye yaliyopita. La pili latazama mbele, kwenye lengo. Wasikilizaji karibu wote hulijibu la pili: "Ili upate hewa." Hapo somo limeshapinda, maana mti haukukaa ukapanga.

Kwa hivyo kikao hiki kina kanuni moja. Tangu asubuhi hadi magharibi, neno "ili" limefungiwa. Hakuna kulitumia kwa mzizi, kwa punje, kwa samaki wala kwa sayari. Atakayeteleza hatozwi faini wala hachekwi. Anaombwa tu aseme upya kwa kiunzi hiki, ambacho kiandikwe kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya manila na kibebwe kila mahali:

"Miongoni mwao walikuwako wenye ___. Hao walinusurika na kuzaa zaidi ya wenzao. Watoto wao wakarithi ___."

Sentensi tatu, masharti matatu: tofauti, kuzaa kusikolingana, urithi. Ukikosa moja, hakuna uteuzi wa asili. "Usiku" wa kikao neno "ili" hufunguliwa tena, na mwishoni utaona ni kwa nani.

Hesabu zote hapa ni za watu 24, wa umri wa sekondari kwenda juu, pamoja na kiongozi mmoja na wasaidizi wawili.

Kuchagua siku

Usichague tarehe kwa kalenda ya ukutani. Unahitaji mambo mawili siku moja: maji yaliyokupwa sana asubuhi, na anga lenye giza usiku. Bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kukupwa kupita kawaida, huja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu. Bamvua la mwezi mpevu litakupa maji mazuri asubuhi lakini usiku mwezi utafuta nyota zote. Basi chukua la mwezi mwandamo, kati ya mwezi mosi na mwezi tatu. Hilali huzama mapema, na anga hubaki lako. Ukichagua siku za maji mafu, bahari haitakupwa vya kutosha na utaona nusu ya mikoko tu.

Siku za bamvua hapa Mombasa maji hukupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na tofauti ya kujaa na kukupwa hupita mita 3. Hakikisha kwa jedwali la maji la bandari ya Kilindini, kisha fika saa moja na nusu kabla ya maji kukupwa kabisa. Epuka mwezi mosi wa Shawwal, kwa kuwa ni Idi, na epuka mchana wa Ramadhani, kwa kuwa matope na jua ni kazi nzito kwa aliyefunga.

Asubuhi: mikokoni

Mikoko ya hori la Tudor upande wa Mikindani inafaa, vilevile ya hori la Mtwapa. Tudor hupokea majitaka ya makazi yaliyo juu yake. Kwa hiyo kila mtu avae viatu vilivyofunika vidole vyote (ndara hubaki matopeni hatua ya tatu), mwenye kidonda asishuke, na kuwe na jerikeni mbili za lita 20 za maji safi na sabuni ya kunawa. Mtafuteni mkaazi wa pale awaongoze. Anajua tope lipi lina mashimo.

Kazi ni moja: kutafuta mizizi ya aina tatu. Mlilana husimama mbele kabisa, baharini, na mizizi yake huchomoza wima, minene chini na myembamba juu, kama pembe. Nyuma yake mkoko wenyewe, wenye mizizi iliyopinda kama matao. Mchu una mizizi myembamba iliyosimama matopeni kwa mamia kama penseli zilizochomekwa. Mpe kila mshiriki daftari achore aina zote tatu na kuhesabu mizizi ya mchu ndani ya mraba wa nusu mita kwa nusu mita, uliopigwa kwa kamba na vijiti vinne.

Sasa uliza: miti hii mitatu ni ndugu? Watajibu ndiyo, kwa kuwa inafanana na inakaa pamoja. Hapo ndipo penye utamu wa asubuhi yote. Si ndugu wa karibu. Mchu, mlilana na mkoko ni wa koo tatu za mimea zilizo mbali mbali, na jamaa zao wengi wanaishi nchi kavu. Kila ukoo ulifika baharini kivyake, ukakuta taabu ileile, yaani tope lisilo na hewa, na kila ukoo ukaishia na mizizi inayovuta hewa juu ya tope. Wape dakika 15 waandike habari ya mchu kwa kile kiunzi cha sentensi tatu. "Ili" itawatoka mara nyingi. Usichoke kuwarudisha.

Kisha waulize jambo moja, bila kulijibu: kama kuna tope lisilo na hewa katika dunia nyingine, je, huko nako kutakuwa na kitu kama mzizi wa mchu? Na je, kitakuwa mti? Andika majibu yao na uyahifadhi, utayahitaji jioni. Funzo la mikoko ni kwamba taabu zikifanana, maumbile huelekea kufanana hata kwa wasio ndugu. Lakini kufanana huko ni kwa kazi tu. Ukikata mzizi wa mchu na wa mlilana (usikate, tazama tu) ni miili miwili tofauti.

Tokeni matopeni maji yanapoanza kurudi. Bamvua hurudi kwa kasi, na mikokoni maji huja kwanza kwa vijito vya nyuma yako.

Mchana: maharagwe, dadu na selimundu

Baada ya adhuhuri na chakula, ingieni ndani. Sehemu hii ndiyo yenye uzito kuliko zote, na ndiyo inayoharibiwa kwa haraka, basi ipe saa mbili kamili.

Mchezo huu unatokana na jambo lililoonekana Kenya. Mwaka 1949 mtafiti Anthony Allison, aliyekulia nchini humu, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za Kenya. Aliona kwamba jeni (chembe ya urithi) ya selimundu, ugonjwa unaozipa chembe nyekundu za damu umbo la mundu, ilibebwa na zaidi ya asilimia 20 ya watu katika jamii za karibu na Pwani na za Ziwa Viktoria, na chini ya asilimia 1 nyanda za juu. Pwani na ziwani kuna malaria. Milimani baridi huwazuia mbu. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba mwenye jeni moja ya selimundu hupata kinga dhidi ya malaria. Tafiti za baadaye zilizofanywa Kilifi zimelithibitisha hilo kwa watoto. Ni miongoni mwa mifano iliyothibitishwa vyema zaidi ya uteuzi wa asili kwa binadamu, na imo katika damu ya watu wa Pwani.

Kabla ya kuanza, sema wazi: huenda humu ndani yumo mwenye selimundu au ndugu yake. Mchezo unahusu zama ambazo hapakuwa na tiba. Leo kuna dawa na kliniki, na watu wanaishi nayo hadi utu uzima. Usimuulize mtu yeyote hali yake mbele ya wenzake. Na punje nyekundu isiitwe "mbaya" hata mara moja, kwa sababu mchezo mzima unaonyesha kwamba ubaya na uzuri wake hutegemea mahali.

Nunua nusu kilo ya maharagwe meupe na robo kilo ya mekundu. Chagua yenye ukubwa sawa. Kunde na maharagwe havichanganyiki, maana vidole vitazitambua punje kabla ya macho. Gawa watu makundi sita ya wanne wanne. Kila kundi lipewe mfuko wa kitambaa usiopenya mwanga, dadu nne, na akiba ya punje 100 nyeupe na 40 nyekundu. Makundi matatu ni "Pwani", matatu ni "Mlimani".

Mfuko uanze na punje 90 nyeupe na 10 nyekundu. Punje ni jeni, nyekundu ikiwa ya selimundu. Jozi ni mtu.

Tikisa mfuko. Mtoe punje mbili mbili bila kutazama mpaka ziwe jozi 50, mkizipanga mezani kwa mafungu matatu: nyeupe tupu, mchanganyiko, nyekundu tupu. Jozi za nyekundu tupu, yaani wenye jeni mbili za selimundu ambao huugua, ziondolewe, Pwani na Mlimani pia. Jozi za mchanganyiko, wenye kinga, zibaki zote. Kwa jozi za nyeupe tupu, Mlimani wazibakishe zote. Pwani warushe dadu mara moja kwa kila jozi, na ikitoka 1 au 2, jozi hiyo imechukuliwa na malaria. Rusheni dadu nne kwa pamoja, la sivyo kizazi kimoja kitawala nusu saa.

Waliobaki ndio wazazi. Hesabu punje zao zote, kisha nyekundu peke yake, na utafute ni ngapi kwa kila 100. Mfano: Pwani wamebakiwa na jozi 27 nyeupe tupu na jozi 9 za mchanganyiko. Hizo ni punje 72, nyekundu 9. Zidisha 9 kwa 100, gawa kwa 72: 12.5. Jaza mfuko upya kwa punje 13 nyekundu na 87 nyeupe. Hicho ni kizazi cha pili. Endeleeni mpaka vizazi vitano vipite, mkiandika kila namba ukutani.

Bila bahati kuingilia, namba za Pwani zingekwenda hivi: 10, 12.5, 15, 17, 19, 21, zikisogea taratibu kuelekea 25 na kutulia hapo. Za Mlimani zingeshuka: 10, 9.1, 8.3, 7.7, 7.1, 6.7. Punje ni zilezile, mwanzo ni uleule, mwisho mbali mbali. Eleza kwamba malaria ya dadu, yenye kuchukua theluthi ya watu, imekuzwa makusudi ionekane kwa alasiri moja. Ya kweli hufanya kazi polepole zaidi.

Kwa nini nyekundu hazipandi Pwani hadi 100? Kwa kuwa zikizidi hukutana zenyewe kwa zenyewe, na jozi nyekundu tupu huondoka. Hakuna aliyeipanga 25. Imetokea pale hasara za pande mbili zilipolingana. Acha wakae na jambo hilo kidogo.

Mambo yatakayoenda kombo. Kundi moja la Pwani linaweza kushuka badala ya kupanda, au hata kupoteza nyekundu zote. Usilifiche na usiwaambie wamekosea. Punje 100 ni chache, na kwa idadi chache bahati huzidi nguvu uteuzi. Jumlisha Pwani zote tatu, punje 300, na mwelekeo utajitokeza wazi zaidi. Kosa la pili: kundi kujaza mfuko hadi 100 kwa nyeupe tu, "kwa kuwa ndizo nyingi mezani". Nyekundu zitashuka kila mahali na hutajua sababu mpaka ukague hesabu zao. Kosa la tatu ni la ulimi: "Jeni iliongezeka ili iwakinge watu." Rudini kwenye kiunzi.

Alasiri: kamba na mlingano

Kata kamba ya nailoni mita 4.6. Kila sentimita ni miaka milioni 10, kamba nzima ni umri wa Dunia. Nyoosheni ukumbini na mfunge vitambaa, mkipima kutoka mwisho wa leo. Mita 3.5: kufikia hapo vijidudu vilikuwako tayari. Sentimita 60: wanyama wa mwanzo. Sentimita 6.6: mwisho wa dinosaria. Binadamu wa aina yetu ni milimita 0.3, unene wa kucha. Miaka mia ya redio ni sehemu moja ya elfu kumi ya milimita, haishikiki kwa kitambaa chochote.

Mwaka 1960, huko Green Bank, Marekani, mwanaastronomia Frank Drake alielekeza antena kwenye nyota mbili, Tau Ceti na Epsilon Eridani, akasikiliza kwenye masafa ya karibu megahezi 1,420. Hakusikia ujumbe wowote. Mwaka uliofuata akaandika mlingano wa kukadiria ni jamii ngapi katika galaksi yetu, yaani lile kundi kubwa la nyota lenye Jua letu, zinaweza kusikika. Ni kuzidisha tu namba saba: nyota zinazozaliwa kwa mwaka, sehemu yenye sayari, sayari zifaazo kwa kila nyota, sehemu inayopata uhai, sehemu ya uhai inayofikia akili, sehemu ya wenye akili wanaotuma mawimbi, na miaka wanayoendelea kutuma.

Wape makundi yote namba tatu za kwanza: 2, 1 na 0.2. Hizo zina msingi wa vipimo, kwa kuwa tangu 1995, wanaastronomia Mayor na Queloz walipotangaza sayari ya nyota inayofanana na Jua, zimethibitishwa sayari zaidi ya 5,000. Nne zilizobaki wazijaze wenyewe. Kundi lenye matumaini likiandika 1, 0.5, 0.5 na miaka 10,000, litapata jamii 1,000. Lenye shaka likiandika 0.001, 0.001, 0.1 na miaka 300, litapata 0.000012, yaani pengine hakuna mwingine. Hesabu zote mbili ni sahihi. Hoja ni kwamba zimepishana kwa sababu ya zile namba nne ambazo mfano wetu ni mmoja tu, Dunia.

Sasa toa majibu ya asubuhi. Kwenye namba ya tano wengi huweka 1, kana kwamba akili ndiko mageuko yalikokuwa yakielekea. Hiyo ni "ili" iliyojificha ndani ya namba. Waonyeshe kamba: uhai ulikaa mita karibu tatu bila mnyama, na haukuwa umechelewa popote. Mzizi wa kuvuta hewa umejirudia kwa koo kadhaa mikokoni; redio imetokea kwa aina moja tu ya kiumbe. Kundi likitaka kubadilisha namba yake baada ya hapo, liruhusu, na liandike sababu pembeni.

Usiku: darini

Baada ya magharibi pandeni dari au nendeni ufuo usio na taa. Zimeni simu, mngoje dakika 20 macho yazoee. Darubini ya macho mawili ya 7x50 (hukuza mara saba, vioo vya mbele vya milimita 50) inatosha, lakini egemeza viwiko ukutani, la sivyo nyota zitacheza ngoma.

Kuanzia Desemba hadi Machi kuna Kilimia. Wazee waliitumia kuhesabu mvua na jua. Leo itumieni kusoma kamba. Nyota zake zina umri wa takriban miaka milioni 100, yaani sentimita 10. Mtu akiuliza kama huko kuna viumbe wenye akili, mwonyeshe sentimita 10 kwa vidole. Aprili hadi Julai tazameni kusini, karibu na Msalaba wa Kusini: nyota mbili kali, na ile ya mbali zaidi na Msalaba ni Alpha Centauri. Mwanga wake umesafiri zaidi ya miaka minne. Jirani yake hafifu, Proxima, ilithibitishwa kuwa na sayari mwaka 2016. Mshtarii ikiwa juu, darubini itaonyesha vitone hadi vinne ubavuni mwake, ambavyo ni miezi yake. Kimojawapo ni Europa, kinachoaminika kuwa na bahari chini ya barafu. Chombo Europa Clipper kilirushwa Oktoba 2024 na kinatarajiwa kufika 2030. Bahari isiyo na jua, isiyo na pwani. Waulize uteuzi ungechagua nini humo.

Kisha keti mduara, kama barazani, na ufungue neno. Usianze kwa "Kusudi la maisha ni nini?" Swali hilo huwanyamazisha watu au huwafanya wahubiri. Waombe kila mmoja aseme sentensi moja ya kweli kuhusu jambo alilofanya wiki hii, yenye "ili" ndani yake. "Niliamka saa kumi ili mama asichote maji peke yake." Asiulizwe na asisahihishwe. Zipite zote 24. Huchukua kama dakika 25.

Wataona wenyewe tofauti. Punje hazikuwa na "ili", mchu haukuwa nayo, nayo malaria haikuwa nayo, lakini sentensi 24 zimeipata bila shida. Atatokea wa kusema kusudi lake analipata kwa Mola wake, na mwingine atasema ni watu wake. Kiongozi asiwe kadhi wa hilo. Kazi ya mchana ilikuwa kueleza yalivyotokea, na haikuwa na kipimo cha kusudi, kwa hivyo haiwezi kumhukumu yeyote kati yao. Mtu akidai sayansi imethibitisha maisha hayana maana, muulize ni dadu ipi iliyoonyesha hivyo. Akidai mizizi ya mchu inathibitisha mpango, mkumbushe kiunzi cha sentensi tatu.

Ikiwa muda umebaki, kuna kazi ya mwisho. Vyombo viwili vya anga vya Voyager vilivyorushwa 1977 vimebeba salamu kwa lugha 55. Kiganda na Kizulu zimo, Kiswahili hakimo. Makundi yaandike salamu ya sekunde kumi ambayo ingewekwa hapo. Watagundua mapema kwamba "hujambo" yataka msikilizaji anayejua kujibu, na mjadala utakuwa kama waseme wao ni nani, au wameishi vipi. Rekodini kwenye simu, kila kundi kwa sauti moja, kabla upepo wa usiku haujaanza kuvuma kwenye kipaza sauti.